Ugumu wa simu uko kwenye gundi

Anayetaka kujua simu ngumu ni ipi asianzie dukani. Aanzie kwenye meza ya fundi, aulize simu za watu wa hapo zinakufa kwa ugonjwa gani. Pale Lushoto mjini, kwenye milima ya Usambara, fundi atakutajia bila kusita: mfumo wa chaji umeoza, betri imevimba, kioo kimepasuka kwenye kona, tachi imegoma baada ya mvua. Hatakutajia simu iliyokanyagwa na lori wala iliyopigiliwa misumari, ingawa hizo ndizo picha zinazopendwa na matangazo ya simu zinazoitwa za kijeshi. Matangazo yanatuuzia kinga ya kifo cha ghafla, na kule milimani simu nyingi hufa polepole.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua fedha ya mnunuzi iende wapi, na safu hii itakaa hapo. Kwa kazi za Usambara, simu haipimwi kwa namna inavyotoka kwenye boksi peke yake. Inapimwa pia kwa hali yake baada ya kufunguliwa mara ya kwanza na kufungwa tena.

Ushambaa una watu wengi ambao simu zao hushinda nje. Yupo dalali wa mboga wa Lukozi anayepiga picha viroba vya karoti na kabichi kabla lori halijateremka kuelekea Kariakoo. Yupo bodaboda wa Soni anayepokea oda huku anaendesha (tusijifanye hatujui). Wapo askari wa misitu katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, vibarua wa shamba la miti la Shume, wachuma chai wa Bumbuli, waongoza watalii wanaowatembeza wageni kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maafisa ugani, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wanaoingia kwenye msitu wao wa Mazumbai. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba, na katikati ya hapo ukungu haulali. Kiangazi kikiingia, barabara za vijijini hugeuka vumbi jekundu laini linalopenya hadi kwenye mshono wa koti.

Tuanze na nembo ya kijeshi. Kiwango kinachotajwa kwenye maboksi ni MIL-STD-810 cha jeshi la Marekani. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1962, na toleo la 810H ni la mwaka 2019. Ni waraka mnene unaoeleza jinsi ya kupima vifaa kwa joto, baridi, unyevu, mtikisiko, mchanga, ukungu wa chumvi na mengineyo, na unamtaka mpimaji achague vipimo kulingana na mahali kifaa kitakapotumika. Hakuna ofisi inayotoa cheti chake kwa simu za raia. Mtengenezaji huchagua vipimo anavyovitaka, akavifanya mwenyewe au akalipa maabara, kisha akabandika nembo. Simu iliyopimwa kwa kudondoshwa tu na simu iliyopimwa kwa mambo 15 zinaweza kukaa kabati moja zikiwa na maandishi yaleyale.

Hata huko kudondoshwa kwenyewe kuna masharti. Kipimo kinachotumika sana ni kuiangusha simu mara 26, kila upande, kila ukingo na kila kona, kutoka kimo cha sentimita 122, juu ya mbao ya plaiwudi iliyolazwa juu ya zege. Kiwango kinaruhusu mara hizo 26 zigawanywe kwa simu hadi tano. Yaani inawezekana hakuna simu hata moja iliyoanguka zaidi ya mara tano au sita. Na plaiwudi si jiwe. Ukitoka Magamba kwenda juu, njia za miguu zimejaa mawe yaliyochongoka, na kioo hakiogopi kimo kama kinavyoogopa ncha. Jiwe dogo linalogusa kona ya kioo hulundika nguvu yote ya mwanguko mahali padogo kama kichwa cha pini, na ufa huanzia hapo. Ndiyo maana simu ya kawaida iliyovishwa kava nene lenye ukingo uliopanda juu ya kioo kwa milimita moja au mbili huponea pale ambapo simu ya bei kubwa isiyo na ukingo hupasukia. Kava hilo linauzwa mezani, stendi.

Nembo ya pili ni ya maji na vumbi, na hii ina uzito zaidi kwa sababu ina kiwango cha kimataifa kinachoeleweka, IEC 60529. Tarakimu ya kwanza baada ya herufi IP ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa: vumbi haliingii. Ya pili ni ya maji. Saba maana yake simu ilizamishwa kina cha mita moja kwa dakika 30 ikatoka salama. Nane maana yake ilizamishwa kwa masharti magumu zaidi anayoyataja mtengenezaji mwenyewe. Tisa ni kipimo cha maji ya moto ya nyuzi 80 yanayorushwa kwa shinikizo kubwa kutoka karibu, kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya vifaa vinavyooshwa kwa mashine.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi, labda kwa kuwa wengi hawalijui. Tarakimu 7 au 8 haimaanishi kwamba simu imefaulu pia vipimo vya maji yanayorushwa, ambavyo ni vya tarakimu 5 na 6. Kuzama ni mtihani mmoja na kurushiwa maji ni mwingine. Bodaboda anayepanda kutoka Soni mvua inanyesha hazamishi simu popote. Anarushiwa maji kwa mwendo wa pikipiki, yanapiga upande mmoja, yanatafuta tundu la spika na tundu la chaji. Simu inayomfaa ni ile iliyoandikwa kote kuwili, mfano IP66 na IP68 kwa pamoja. Ikiwa na nane peke yake, haijaahidi chochote kuhusu mvua ya namna hiyo.

Vipimo vyote hivi hufanywa kwa simu mpya na kwa maji safi. Sabuni, matope, jasho, mkojo wa mbuzi kwenye zizi, hakuna aliyeviweka kwenye ndoo ya maabara. Wenye makampuni wanalijua hilo, kwani ukisoma karatasi ya dhamana utakuta uharibifu wa maji haumo, hata kwa simu zinazotangazwa kuwa hazipitishi maji. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya yuro milioni 10 kwa mambo kama hayo. Juni 2022 mahakama ya Australia iliitoza Samsung dola milioni 14 za nchi hiyo kwa matangazo yaliyoonyesha simu zake zikitumika kwenye mabwawa ya kuogelea na baharini. Ikiwa mnunuzi wa Sydney alihitaji mahakama imsaidie kulielewa tangazo, wa Mlalo ana haki ya kulitilia shaka.

Sasa tupande mlima. Mombo iko takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto karibu mita 1,400, na kati yake kuna barabara ya kona ya kilomita zipatazo 33. Kupanda mita 1,000 hupunguza shinikizo la hewa kwa takriban kilopaskali 11. Kwa simu iliyozibwa kabisa, hewa iliyofungiwa ndani huanza kusukuma kuta kutoka ndani kwenda nje kwa nguvu hiyo, na nguvu hiyo ni sawa na uzito wa maji ya kina cha mita moja na kidogo. Kwa maneno mengine, kila safari ya Mombo hadi Lushoto huisukuma gundi ya simu ya namna hiyo kwa nguvu inayokaribia ile ya kipimo cha IP67, ingawa kutoka ndani, na kurudi huiachia tena.

Watengenezaji walilitambua hili zamani. Ndani ya simu nzuri isiyopitisha maji kuna kitundu kidogo kilichofunikwa na utando mwembamba unaopitisha hewa na kuzuia maji, ili shinikizo la ndani na la nje lilingane. Simu ikiwa mpya, utando unafanya kazi yake na gundi haipati tabu. Tabu huja utando ukizibwa na udongo uliokauka, au ukitobolewa na mtu anayesafisha kila tundu analoliona kwa sindano. Ukizibwa, gundi inabaki peke yake kuubeba mlima. Ukitobolewa, maji yana mlango.

Jambo la pili la kifizikia ni la joto. Simu iliyokaa kwenye dashibodi ya Fuso au iliyokuwa inachajiwa huweza kufika nyuzi 40. Ikinyeshewa na mvua ya Shume yenye nyuzi 15, hewa ya ndani husinyaa na shinikizo lake hushuka kwa takriban asilimia nane. Hapo simu huvuta. Tone lililokuwa limekaa kimya kwenye mshono hunyonywa ndani bila simu kuzama hata sentimita moja. Ndivyo inavyotokea mtu akaapa kwamba simu yake haikuingia maji, na fundi akifungua akakuta kile kibandiko cheupe cha ndani kimegeuka chekundu. Wote wawili wanasema kweli. Kwa mtu wa kazi za nje ushauri ni mwepesi: simu ikiwa ya moto, iache ipoe kwanza ndani ya koti kabla ya kuitoa nje kwenye mvua.

Na mchele hausaidii. Nimeona watu wanafukia simu kwenye debe la mchele kwa siku mbili wakati chumvichumvi za maji ya matope zinakula saketi. Apple yenyewe, mwanzoni mwa 2024, ilitoa maelekezo ya kuwakataza wateja wake, kwa kuwa chembe za mchele huweza kuidhuru simu. Zima, ondoa laini, kung'uta tundu la chaji likiwa limeelekea chini, acha mahali penye upepo, na upesi nenda kwa fundi akafungue asafishe kwa spiriti. Kinachoua ni umeme kukutana na unyevu. Anayechomeka chaja "aone kama inawaka" ndiye anayemaliza kazi ambayo maji yaliianza.

Tumefika mezani kwa fundi, mahali ambapo hadithi za matangazo huishia. Fikiria simu yenye IP68 iliyopasuka kioo. Fundi anaipasha moto ukingoni kwa blowa, anaingiza kikaratasi chembamba cha plastiki, anazungusha taratibu. Mstari mweusi wa gundi uliowekwa kiwandani kwa mashine unaachia, unanyooka kama ulimbo, unakatika. Huo mstari, wenye upana usiofika milimita mbili, ndio uliokuwa IP68. Fundi anaukwangua kwa ukucha, anapuliza, anabandika kioo kipya kwa gundi ya kitubu, ile B-7000 inayojulikana kwa mafundi wote kuanzia Kariakoo hadi Mtae, anafunga mipira ya madaftari kuizunguka simu na kumwambia mteja, "Kaka, usiiguse mpaka saa kumi." Saa kumi simu inawaka, kioo kinang'aa, mteja analipa. Boksi nyumbani bado limeandikwa IP68. Simu yenyewe haina tena.

Simlaumu fundi. Gasketi halisi ya modeli ile haipo dukani, na hata ingekuwepo hana kifaa cha kupima kama hewa inavuja. Alichopewa ni simu iliyoundwa ili isifunguliwe, na mteja anayetaka ifunguliwe leo. Hapo ndipo penye mgongano wa msingi katika biashara nzima ya simu ngumu. Kuzuia maji kunataka gundi, na kutengeneza kunataka skrubu. Kampuni nyingi zimechagua gundi kwa kuwa ni rahisi, ni nyembamba, na (hili nalisema kwa mdomo wangu) humrudisha mteja dukani mapema.

Inawezekana kuwa na vyote viwili. Samsung imekuwa ikitoa mfululizo wa XCover tangu 2011. XCover6 Pro ya 2022 ina IP68 na mfuniko wa nyuma unaobanduliwa kwa kucha, betri ikatoka, nyingine ikaingia. Kinachozuia maji ni mpira unaozunguka chumba cha betri, na mpira ukichoka unaonekana kwa macho. Simu hizo si nyembamba wala hazipendezi, na kamera zake ni za wastani. Kwa askari wa misitu anayelala porini, betri ya pili mfukoni ina faida kuliko kamera ya nne mgongoni.

Umoja wa Ulaya umeuona mgongano huohuo na umeuandika kwenye sheria. Kuanzia 20 Juni 2025, simu zinazoingia sokoni kule lazima ziwe na vipuri kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano. Betri inapaswa kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Lakini kuna msamaha: kampuni inaruhusiwa kumwachia fundi kazi hiyo ikiwa betri inabaki na asilimia 83 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, na asilimia 80 baada ya mara 1,000, na simu iwe haipitishi vumbi na inastahimili kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Sheria hiyo haifiki Lushoto, ila vipuri vinavyotengenezwa kwa ajili yake hupita Kariakoo kama vipuri vingine vyote. Mnunuzi wa Tanzania akichagua modeli inayouzwa pia Ulaya, anapanda gari ambalo mwingine ameshalilipia mafuta.

Kinyume chake ni zile simu kubwa kutoka viwanda vidogo vya China, Oukitel, Doogee, Ulefone, Blackview. Zina mvuto wake. Oukitel WP19 ya 2022 ilikuja na betri ya miliampea-saa 21,000, mara nne ya simu ya kawaida, na uzito unaozidi nusu kilo. Kwa kijiji kisicho na umeme wa uhakika hilo si jambo la kudharau. Swali langu ni moja: kioo chake kikipasuka, kitatoka wapi? Kioo cha Tecno au Itel kipo mezani mwa fundi, na kisipokuwepo kitapakiwa kwenye basi la jioni kutoka Dar na asubuhi kipo stendi. Kioo cha simu ya kijeshi iliyoagizwa mtandaoni kinaweza kuchukua wiki nyingi kufika, na mara nyingi bei yake inakaribia ya simu nzima. Simu iliyoanguka mara tatu bila kupasuka, kisha ikapasuka na kufa mara ya nne, haina maisha marefu kuliko simu iliyopasuka mara mbili na kutengenezwa mara mbili.

Hata jina kubwa si dhamana. Simu za Cat, zenye nembo ya Caterpillar na sifa ya matrekta, hazikutengenezwa na Caterpillar. Zilitoka Bullitt Group, kampuni ya Reading, Uingereza, iliyokuwa na leseni ya kutumia jina. Cat S60 ya 2016 ilikuwa na kamera ya kuona joto, jambo jipya kabisa kwa simu. Cat S75 ya 2023 iliahidi ujumbe kwa setilaiti pale ambapo mnara haufiki, ahadi ambayo mtu wa milimani angeipokea kwa mikono miwili. Mwanzoni mwa 2024 Bullitt ikaanguka. Aliyenunua chuma akabaki na chuma, bila wa kumpigia simu kuhusu masasisho.

Suala la mtandao nalo huchanganywa na ugumu wa simu bila sababu. Usambara ni mabonde na migongo, na mawimbi ya simu husafiri kwa kuonana zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kijiji kilicho chini ya ukingo kinaweza kuwa kilomita mbili kutoka mnarani na kisipate kitu, wakati mtu aliyesimama kwenye miamba ya Irente anashika minara ya tambarare ya Mombo. Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mwaka 2023 mikataba ya minara 758 vijijini nchi nzima, na hilo husaidia pale minara iliposimama. Ila mabonde yatabaki mabonde. Simu iliyo mbali na mnara huamriwa na mnara ipaze sauti, na tofauti ya nguvu inayotumika kati ya simu iliyo karibu na iliyo kwenye shimo ni maelfu ya mara. Ndiyo maana chaji inayomtosha mtu siku nzima mjini humwishia adhuhuri shambani, akalaumu betri.

Basi kabla ya kuangalia unene wa bampa, angalia masafa. Masafa ya chini, ya megahezi 700 hadi 900, hupinda na kupenya miti vizuri kuliko yale ya 1,800 kwenda juu. Simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kukosa baadhi ya masafa yanayotumiwa na kampuni za hapa, ikabaki kushika 3G ya kusuasua pale ambapo jirani mwenye simu ya bei ya chini anapata 4G. Hakikisha pia kwamba simu si bandia: bonyeza *#06# ulinganishe namba ya utambulisho inayotokea na ile ya kwenye boksi. Waliokuwepo Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozima simu bandia nchi nzima, hawahitaji kukumbushwa.

Mvua ina kero nyingine ambayo IP haiitibu. Kioo cha kugusa hutambua kidole kwa sababu mwili unapitisha umeme, na tone la maji nalo hupitisha. Mvua ikinyesha juu yake, simu hujibonyeza yenyewe, hufungua kamera, hupiga simu kwa shangazi. Muamala wa fedha katikati ya mvua ni jambo la kuogopesha. Simu zenye vitufe halisi pembeni, vinavyoweza kupangiwa kazi ya kupokea simu au kuwasha tochi, zina faida kweli hapa. Pia bodaboda wajue kwamba Septemba 2021 Apple ilionya wazi kuwa mtikisiko wa injini ya pikipiki, simu ikifungwa kwenye usukani, huweza kuharibu kamera zenye lenzi inayojisawazisha. Mfuko wa kifuani una usalama zaidi.

Kwa hiyo wengi wa milimani wamejipanga kwa njia ambayo hakuna kampuni iliyoibuni. Wanabeba mbili. Kitochi kinakaa mfukoni kwa ajili ya kupokea simu, kutuma fedha na kumulika njia, na simu janja inakaa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya koti, inatoka inapohitajika. Kitochi kina ukoo wa heshima: Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi, vitufe vilivyofunikwa visiingie vumbi na mgongo usioteleza, iliuzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani, na ilibuniwa kwa kuwafikiria watu wa nchi kama zetu. Ilikuwa simu ngumu bila nembo yoyote ya jeshi, na betri yake ilitoka kwa kucha. Kwa mkulima, na kwa dalali asiye na haraka ya picha, mpangilio huu unashinda simu moja ya bei mbaya. Moja ikiangukia mtoni, umebaki na nyingine.

Mpangilio huu haumfai kila mtu. Kuna kazi ambazo simu au kishikwambi ndicho daftari, na kikifa kazi ya siku imekufa nacho. Sensa ya Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa kidijitali. Makarani walipanda vijiji vya Usambara na vishikwambi ambavyo baadaye viligawiwa kwa walimu. Lushoto ina historia inayoeleza kwa nini taarifa za shambani zina thamani: kati ya 1980 na 2004 ugonjwa wa tauni uliwapata zaidi ya watu 7,000 wilayani humo, na kila mgonjwa, kila kijiji na kila panya aliyetegwa ilibidi aandikwe mahali. Enzi hizo daftari likilowa lilianikwa juani. Leo fomu iko ndani ya kioo.

Hapo ndipo ninapomtetea mwenye kununua simu ngumu kweli, kwa sharti kwamba programu nayo iwe ngumu. Fomu ihifadhiwe kwenye kifaa bila mtandao, ijitume yenyewe mnara ukipatikana, na nakala ikae kwenye kadi ya kumbukumbu inayotoka. Mradi unaonunua vifaa imara kisha ukatumia programu inayodai intaneti kila ukurasa umetupa fedha yake bondeni. Kipokezi cha GPS nacho kiangaliwe. Chini ya miti mirefu ya Magamba mawimbi ya setilaiti hudunda kwenye majani na vigogo, na simu inayosoma masafa mawili ya setilaiti hukosea kidogo kuliko inayosoma moja. Kwa anayepima mpaka wa hifadhi na shamba la mtu, mita kumi za makosa ni kesi.

Halmashauri au mradi unaotaka kununua vifaa kwa watumishi wa nje ungefanya vema kuandika masharti haya kwenye zabuni badala ya kuandika "simu imara za kisasa": IP66 na IP68 kwa pamoja, betri inayotoka, masasisho ya miaka isiyopungua mitano, masafa yanayotumika Tanzania yakitajwa kwa namba, na muuzaji alete pamoja na vifaa vioo, betri, mifumo ya chaji na gasketi zake kwa kiasi cha angalau kimoja kwa kila vifaa vitano. Fundi mmoja au wawili wa Lushoto wafundishwe kuvifungua na kuvifunga, walipwe kwa kazi hiyo. Fedha za vipuri zitoke kwenye bajeti ileile ya ununuzi, zikitengwa kabla vifaa havijapanda gari Dar es Salaam, maana zikisubiri mwaka wa pili hazitapatikana.